Wingu Dogo Kinywani mwa Samaki

Swali: Je, mtu aweza kuona kwa macho matupu kitu kilicho nje ya majarra yetu, yaani nje ya ile njia nyeupe ikatayo mbingu usiku wa giza?

Jawabu: Naam, aweza. Na maandiko ya kale zaidi yaliyobaki juu ya majarra ya Andromeda ni ya Abdul-Rahman As-Sufi, mzaliwa wa Rayy, aliyefanya kazi yake Isfahan. Mwaka 353 wa Hijra, nao ni 964 wa Miladi, alitunga Kitabu cha Sura za Nyota. Msingi wake ulikuwa orodha ya Batlimusi wa Iskandaria. Lakini As-Sufi hakuridhika na kunakili, kazi nyepesi ambayo wengi huishia hapo. Alizitazama nyota mwenyewe, akasahihisha palipokosewa. Karibu na kinywa cha Samaki mkubwa wa Waarabu akaandika kuwa pana doa mfano wa wingu. Batlimusi hakulitaja. As-Sufi naye hakudai kulijua ni nini. Aliandika alichokiona, basi.

Mwaka 1612 Simon Marius alilitazama kwa darubini. Mwaka 1888 Isaac Roberts wa Uingereza alilipiga picha, likadhihirika kuwa limejipinda kama ganda la konokono. Hata hivyo wengi walidhani ni moshi tu ulio karibu, mpaka mwaka 1923 Edwin Hubble, huko Marekani, alipoona ndani yake nyota ambayo mwangaza wake huzidi na kupungua kwa muda maalumu. Muda huo hujulisha nguvu ya kweli ya nyota. Na nguvu hiyo ikilinganishwa na mwangaza uonekanao, umbali hupatikana. Hesabu yake ya kwanza ilipunguka sana, lakini ilitosha kuthibitisha kuwa lile doa ni majarra nyingine, yenye nyota zisizohesabika.

Mwenye kutaka kuliona na atoke katikati ya Novemba, kiasi cha saa tatu usiku, pasipo mwezi wala taa. Aliye Mombasa aelekee kibla, kwani kibla cha hapo ni kaskazini hasa. Juu kushoto ataona nyota nne zenye kufanya mraba mkubwa. Aanze pembe ya chini kulia, aende kulia apite nyota moja, afike ya pili iliyo kali zaidi. Kutoka hiyo ashuke kushoto kwa nyota mbili hafifu. Kando ya ile ya mwisho ndipo lilipo doa, nusu ya njia baina ya upeo na utosi. Asilikazie macho, atazame kando yake kidogo, litajitokeza.

Nuru hukata kilometa 300,000 kwa sekunde, na kutoka huko hadi hapa huchukua miaka kama 2,500,000. Nuru aliyoiona As-Sufi na hii ya leo zimepishana kuondoka kwa miaka elfu na kidogo tu. Alipoandika kitabu chake, hii ya leo ilikwisha kukaribia mwisho wa safari yake.