SOMO LA MWEZI: KUIFUFUA BUSTANI ILIYOACHWA

Masomo: Mwanzo 2:15, Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Luka 13:6-9



Ukipita katika vitongoji vyetu hapa Isongole utaona nyumba ambazo zamani zilizungukwa na bustani nzuri, na leo zimezungukwa na pori. Migomba imesongamana, mibuni imerefuka bila kuzaa, na mahali palipokuwa na mchicha na vitunguu pameota sangari. Wapita njia husema, "Mwenye nyumba hii ni mvivu." Kitabu cha Mithali, sura ya 24, kinamtaja kweli mvivu ambaye shamba lake liliota miiba. Lakini aghalabu ndani ya nyumba hiyo yumo mjane mwenye maumivu ya magoti, au mzee ambaye watoto wake wote wamekwenda Tunduma na Mbeya kutafuta maisha, au jamaa waliouguza mgonjwa kwa miezi mingi. Bustani huachwa kwa sababu nyingi, na uvivu ni mojawapo tu.

Shabaha ya somo hili ni moja. Bustani iliyoachwa haitaki moto, wala haitaki kung'olewa kila kitu na kuanzwa upya. Inataka kupaliliwa, kutiwa mbolea na kupewa muda. Na ikiwa mikono yetu haitoshi, tumwite mwenzetu atusaidie, kisha tumlipe kwa haki.

Neno la Mungu

Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Angalieni kwamba jambo hilo linatangulia habari ya dhambi, ambayo iko sura ya 3. Kwa hiyo kazi ya bustani si adhabu. Nalisema hili kwa sababu wengi wa rika langu tulijifunza kinyume. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, shule zilitakiwa ziwe na mashamba. Nia ilikuwa njema. Lakini katika shule nyingi mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani alipelekwa kulima, na hivyo jembe likawa fimbo ya pili. Si ajabu watu wengi walipomaliza shule hawakutaka kuliona tena.

Katika Luka 13 Bwana wetu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda, hakupata, naye anaagiza ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi, ili achimbe kuuzunguka na kuutia mbolea. Mfano huu unahusu toba, wala haukutolewa kuwa somo la kilimo. Hata hivyo mtunza shamba yule alijua kazi yake. Hakuomba muda mtupu. Aliomba muda pamoja na jembe na samadi. Na tufuate mpango wake.

Kwanza: tazama kabla ya kushika jembe

Siku ya kwanza usilime. Chukua daftari, uizunguke bustani pole pole. Andika maji ya mvua yanapita wapi, kivuli kiko wapi, na udongo umechukuliwa wapi. Tafuta mimea iliyo hai chini ya magugu: mpapai, mparachichi mchanga, shina la mbuni, kitunguu cha majani. Kila unachotaka kibaki kifunge kamba au kitambaa. Kazi hii ni ya lazima hasa ikiwa utaajiri mtu, kwa kuwa panga la mgeni halijui lipi ni gugu na lipi ni tunda.

Magugu nayo husema habari za udongo. Ukiona kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi, ujue mara nyingi ardhi imechoka na inahitaji samadi, na mahindi yapishane na maharage au karanga.

Pili: usichome

Wengi wetu hufyeka, hurundika na kuwasha kiberiti. Inapendeza macho, maana kwa siku moja pote panakuwa peupe. Lakini fikiri kilichoondoka. Majani yale yalikuwa yamekusanya chakula kutoka ardhini na hewani kwa miaka yote ambayo bustani ililala. Yakiungua, naitrojeni karibu yote hupotea pamoja na moshi. Hubaki majivu, ambayo yana faida yake, lakini mvua ya kwanza huyachukua mteremkoni. Ni sawa na mtu aliyeweka akiba miaka mitano, kisha akaitia moto ili asafishe sanduku.

Wazee wa nyanda hizi walilijua jambo hili. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wana kilimo kiitwacho ngolo. Hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana hadi kufanya miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Juu ya matuta hayo hupanda maharage, na mahindi hufuata msimu ujao. Nyasi huoza chini na kuwa mbolea, na mashimo huzuia maji yasibebe udongo wa milimani. Wafipa wa Rukwa nao wamezoea kuzika nyasi katika matuta ya mviringo mvua zinapokaribia kwisha. Bustani yako inaweza kufuata kanuni hiyo hiyo: fyeka kabla magugu hayajatoa mbegu, ulaze majani juu ya ardhi au uyazike.

Kuna na dawa za kuua magugu madukani. Zinaokoa nguvu, lakini hazirutubishi ardhi, na kando ya mboga na nyumba ni jambo la hatari. Anayeona hana budi kuzitumia na asome maelezo ya chupa, avae kinga, na amwone Bwana Shamba kwanza.

Tatu: magugu yenye mizizi mikaidi

Sangari na ndago hazishindwi kwa kufyeka. Sangari ina mizizi mirefu inayotambaa, na kila kipande unachokikata kwa jembe huota kuwa mmea mpya. Kwa hiyo ing'oe kwa uma wa kulimia, taratibu, ukivuta mzizi mzima. Ifanye kazi hiyo Julai na Agosti, uanike mizizi juani hadi ivunjike kwa mlio. Ndago ina vifundo chini ya ardhi. Vitoe vingi uwezavyo, wala usivitie kwenye mboji. Lakini ndago haipendi kivuli. Mvua zikianza panda viazi vitamu au maboga mahali hapo, na majani yake yataifunika.

Nne: kipande kwa kipande

Bustani nyingi hushindikana kwa sababu mtu huanza pote kwa siku moja. Igawe katika sehemu 4. Sehemu 3 zifyekwe tu na kufunikwa kwa majani. Ile moja iliyo karibu na jiko, ndiyo uilime vizuri mwaka huu.

Fanya tuta lenye upana wa mita 1 na sentimita 20, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo uliolegea. Urefu uwe mita 5. Hilo ni eneo la mita 6 za mraba. Ukimwaga samadi iliyooza yenye kina cha sentimita 1 utahitaji lita 60, yaani madebe 3. Kwa matuta 4 ni madebe 12. Mtu akijua hesabu hiyo hataogopa tena.

Kwenye mteremko matuta yakate mlima, yasishuke nao. Kupata usawa, funga miti 3 iwe na umbo la herufi A, uning'inize jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha miguu miwili ardhini, uweke alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Geuza miguu, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Panda majani ya tembo kwenye mistari hiyo. Yatashika udongo na kulisha mbuzi.

Mboji ianze mapema, Mei au Juni, wakati majani bado mabichi. Panga tabaka la majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi na udongo kidogo, urudie hadi usawa wa kifua. Alizeti pori inayoota kando ya barabara ni nzuri mno kwa kazi hii. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache kikawa cha moto, mboji inafanya kazi. Kikiwa kikavu, mwagia maji. Igeuze kila baada ya wiki 3. Mvua za Novemba zitakukuta tayari.

Tano: migomba na mibuni

Katika kila shina la mgomba bakiza mitatu tu: mama mwenye mkungu, binti anayekua, na mjukuu anayechipua. Mingine iondoe, uikatekate na kuitandaza chini.

Mbuni mzee usiung'oe. Baada ya mavuno na kabla ya mvua, ukate kwa msumeno kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Utatoa machipukizi mengi. Chagua 2 au 3 yenye nguvu, mengine uyaondoe. Kwa kuwa mbuni uliokatwa hukaa kama miaka 2 bila kuzaa vizuri, kata theluthi moja ya mibuni kila mwaka, ili usikose mavuno kabisa. Anayetaka miche mipya inayostahimili magonjwa na aulize kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kilichoko Mbimba, wilaya ya Mbozi.

Sita: ukimwajiri kibarua

Sasa nafika kwenye jambo lenye uzito kuliko mbolea. Wengi wetu wenye umri hatuwezi kung'oa sangari peke yetu. Kuajiri si aibu; ni kumpa mwenzako riziki. Lakini tufanye kwa utaratibu.

Pima ngwe kwa kamba mbele yake, mkubaliane bei ya kila ngwe kabla jembe halijainuliwa, na yaandikwe. Mwonyeshe mimea iliyofungwa kamba. Asubuhi ya kwanza kaa naye, hata ukiwa kwenye kigoda, ili aone namna unavyotaka mizizi itolewe. Usimlipe kwa haraka ya kazi bali kwa ubora wake, maana sangari iliyokatwa juu juu itarudi kabla ya Krismasi. Mpe maji na chakula cha mchana.

Kisha mlipe siku hiyo hiyo. Kumbukumbu la Torati 24 linaagiza kwamba ujira wa maskini usilale kwako jua likichwa, na linamtaja ndugu pamoja na mgeni akaaye kwetu. Sisi wa mpakani tunalo la kujiuliza. Wako wanaovuka kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Chitipa, kuja kutafuta vibarua. Wengine ni Walambya kama Walambya wa huku, lugha yao moja. Yasemwa kwamba wengine hulimishwa siku tatu, kisha huambiwa, "Njoo wiki ijayo." Mwenye nyumba anajua kwamba mgeni hana wa kumshitakia. Hapo ndipo andiko lasema kwamba anaye wa kumlilia, naye ni Bwana.

Wala pombe si ujira. Kazi ya ujima ambapo majirani husaidiana kwa zamu ni desturi njema, lakini kibarua amekuja kutafuta fedha, na watoto wake nyumbani hawali pombe. Tena tusimwite mtoto wa shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwenye miaka hiyo hupewa kazi nyepesi tu isiyomzuia masomo.

Saba: kazi ya kanisa

Yupo asiyeweza kulima wala kulipa. Huyo asisubiri hadi apate. Vijana na akina mama wa mtaa wakichagua nyumba moja kwa mwezi, wakaenda asubuhi ya Jumamosi na uma na madebe 12 ya samadi, sehemu ile moja ya bustani itakamilika kabla ya saa sita. Lakini waende na kumwuliza mwenye nyumba abakize nini. Bustani ni yake, na katika pori lile huenda upo mti aliopanda marehemu mumewe.

Yule mtunza shamba wa Luka hakuahidi kwamba mtini utazaa. Aliahidi kuufanyia kazi mwaka mzima. Nasi tunaweza kuahidi hivyo kwa bustani, na kwa jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, ni nyumba ipi katika mtaa wetu ambayo tumeiita ya mvivu bila kuingia ndani kusalimu?
2. Je, yuko mtu ambaye ujira wake umelala kwetu? Tutamlipa lini?
3. Katika Luka 13 mtunza shamba anaomba mambo gani matatu? Sisi tumezoea kuacha lipi?

Kazi ya kufanya: kabla ya Jumapili ijayo, pima tuta moja la mita 6 za mraba nyumbani kwako, au kwa jirani asiyeweza.