Dondoo muhimu: Neno likijirudia kwenye barua yako

Unaandika kwa Mtendaji wa Kata ya Mkuyuni: “Naomba kibali cha kuuza dagaa katika katika soko la Mkuyuni.” Je, umekosea sarufi? Hapana. Hilo ni kosa la uchapaji: kanuni unaijua, ila mkono umeteleza. Hata hivyo lisahihishe, kwani barua safi humheshimu msomaji.

- Ondoa neno moja, usome tena. Maana ikibaki ileile, kama kwenye “katika katika”, lifute. Ikibadilika, liache. “Wavuvi walipanda mtumbwini wawili wawili” si sawa na “walipanda wawili”.

- Usifute takriri (marudio ya neno au sehemu yake) yenye kazi. “Sato wadogo wadogo” inaonyesha wengi, kila mmoja mdogo. “Alipigapiga mlango” inaonyesha tendo la kurudiarudia.

- Maneno mengine ya takriri huandikwa pamoja: polepole, mbalimbali, majimaji. Ukiwa na shaka, fungua kamusi.

- Angalia “kuwa kuwa”. “Najua kuwa kuwa mvuvi ni kazi ngumu” ni sahihi kisarufi, lakini humkwaza msomaji. Andika “Najua kwamba kuwa mvuvi…”

- Kagua mwisho wa mstari na mwanzo wa unaofuata. Neno lililojirudia hapo halionekani upesi. Soma kwa sauti, neno kwa neno.

- Usiitegemee kompyuta peke yake. Mstari mwekundu wa kuonyesha kosa unaweza kutokea hata chini ya “wawili wawili”. Mwamuzi ni wewe unayeijua lugha.