Kuelekwa Angani: Ndege Zilizobeba Vyombo vya Anga za Juu

Kitenzi "eleka" kimezoeleka katika muktadha wa mama na mwana: mtoto hufungwa mgongoni kwa mbeleko na safari ikaendelea. Makala haya yanakitumia mintarafu ya jambo lisilozoeleka, yaani ndege kueleka chombo cha anga za juu.

Chombo cha Marekani kilichorushwa kwa roketi na kurejea kwa mabawa hakikuwa na uwezo wa kupaa chenyewe kutoka uwanjani. Kilipotua Edwards, California, kilipaswa kurudishwa Florida, umbali wa takriban kilomita 4,000. Kwa hivyo, mwaka 1974 shirika la NASA lilinunua ndege iliyokwisha kutumika, aina ya Boeing 747, kutoka American Airlines. Viti vingi viling'olewa, kiunzi kikaimarishwa na mapezi mawili yakaongezwa mkiani, kwa kuwa mzigo ulivuruga upepo uliouelekea mkia.

Jaribio gumu zaidi halikuwa kubeba bali kuachilia. Mwaka 1977, chombo cha majaribio, Enterprise, kilihitaji kuachwa hewani ili kithibitishe kuwa kingeweza kutua bila injini. Hofu ilikuwa bayana: kikikawia kuinuka, kingeugonga mkia wa mbebaji. Ufumbuzi ulikuwa katika pembe. Enterprise ilifungwa pua ikiwa imeinuliwa kidogo ili mabawa yake yapate nguvu ya kupanda. Tarehe 12 Agosti, zaidi ya mita 7,000 juu ya jangwa, ndege ikainamisha pua, vifungo vikalipuliwa, na kwa hakika aliyeondoka ni mbebaji, aliyezama chini ya mzigo wake. Fred Haise na Gordon Fullerton wakakitua chombo baada ya dakika 5 hivi. Kwa Kiswahili, mchukuzi hutua mzigo na ndege hutua uwanjani. Siku hiyo mbebaji alitua mzigo kabla hajatua mwenyewe.

Safari za baadaye zilikuwa za uchukuzi tu, ingawa si rahisi. Mafuta yalikwisha upesi, hivyo vituo vya njiani vilihitajika. Mvua nayo iliepukwa kwa sababu ya vigae vya kukinga joto. Columbia ilipopelekwa Florida mwaka 1979, baadhi ya vigae vilibanduka. Mafundi hawakukosa mzaha: kwenye nguzo ya kufungia chombo waliandika kwamba upande mweusi ukae chini.

Wasovieti nao waliunda An-225 yenye injini 6, iliyoeleka Buran. Mkia wake ulitengwa pande mbili kwa sababu ile ile ya upepo. Buran iliruka angani mara moja tu, mwaka 1988, bila rubani, kisha ikaangamia mwaka 2002 paa la banda lilipoiporomokea huko Baikonur. Mbebaji wake, aliyeitwa Mriya, yaani "ndoto" kwa Kiukraini, aliteketea vitani karibu na Kyiv mwaka 2022. Boeing ile ya kwanza imehifadhiwa Houston, mfano wa chombo ukiwa ungali mgongoni.