Kuoka Pande la Mbavu za Ng'ombe Nyumbani

Pande zima la mbavu, lenye mifupa mitatu au minne na mnofu mnene wa mgongoni, ni nyama ya sikukuu na bei yake si ndogo. Ukiwa unalipika kwa mara ya kwanza, shika hili kuliko yote: pima joto la ndani ya nyama. Kutazama saa hakutoshi, na rangi hudanganya.

Buchani

Nunua nyama yenye mhuri wa ukaguzi. Mkaguzi, ambaye wengi tunamwita bwana afya, huchanja moyo, ulimi na misuli ya taya kutafuta viluwiluwi vya minyoo tegu. Viluwiluwi hivyo hukaa ndani ya mnofu, mahali ambapo kuosha hakufiki. Ng'ombe aliyechinjwa kichochoroni hakukaguliwa na yeyote, hata kama nyama yake ni nyekundu ya kupendeza.

Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu. Omba zile za nyuma ya bega, kuanzia ubavu wa sita, na mwambie muuzaji asizicharange kama nyama ya supu.

Kabla ya moto

Usiioshe nyama. Maji yanayoruka husambaza vijidudu kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo jirani. Ifute kwa karatasi ya jikoni, ipake chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chai kwa kila kilo, kisha ilaze kwenye rafu ya chini ya friji hadi kesho yake. Kama imeganda, iyeyushie humo humo. Pande la kilo mbili na nusu huhitaji siku nzima.

Wengi wetu hupenda kuitoboa kwa kisu na kupachika vitunguu saumu. Ladha hunoga kweli, lakini fahamu kinachotokea. Katika pande lisilotobolewa, bakteria wengi huwa juu ya nyama na moto huwamaliza mapema. Kisu huwasukuma ndani, kule ambako joto hufika mwisho. Ukitoboa, lazima upike zaidi.

Kwenye oveni

Washa nyuzi 160 za Selsiasi. Weka mifupa chini, mafuta juu, bila mfuniko. Kadiria dakika 50 hadi 55 kwa kilo, kisha chomeka kipimajoto katikati ya mnofu bila kugusa mfupa, kwa kuwa mfupa hupotosha kipimo. Wizara ya Kilimo ya Marekani huelekeza nyuzi 63, kisha nyama itulie angalau dakika tatu. Joto hilo huua pia viluwiluwi vya tegu. Kwa nyama iliyotobolewa, au mezani pakiwa na mjamzito, mzee au mtoto mdogo, sisi tunashauri ufikishe nyuzi 71. Iache dakika 15 ndipo ukate, mchuzi wake usimwagikie ubaoni.

Huna oveni? Sufuria nzito yenye makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko inafaa. Hapa kipimajoto kinahitajika zaidi, kwa sababu mkaa hauna namba za kurekebisha moto.

Masalia

Yaingize friji ndani ya saa mbili. Joto la mchana likizidi nyuzi 32, ndani ya saa moja. Yale ndani ya siku tatu au nne, na kila unapoyapasha, yafikishe nyuzi 74.