Timu Hujengwa Kabla ya Ushindi: Somo Kutoka Kansas State



Kila mwaka jumuiya zetu za wanafunzi hupata viongozi wapya, na wengi hukuta kazi imelala: vikao havina watu, wanachama wamevunjika moyo. Tuanzie wapi? Leo nawaletea mfano wa mbali, kutoka futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi. Nimeuchagua kwa sababu wachezaji wake walikuwa wanafunzi wa chuo kama sisi.

Mwaka 1989 kocha Bill Snyder alianza msimu wake wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Kansas State, mjini Manhattan, jimbo la Kansas. Alipoajiriwa, timu ilikuwa imecheza michezo 27 mfululizo bila kushinda hata mmoja. Msimu huo alishinda mchezo mmoja tu kati ya 11, dhidi ya North Texas, 20-17, tena dakika za mchezo zikiwa zimekwisha. Mwaka 1990 walishinda mara 5, mwaka 1991 mara 7. Mwaka 1998 walimaliza michezo yote 11 ya msimu wa kawaida bila kupoteza, na mwaka 2003 wakatwaa ubingwa wa ligi yao ya Big 12 kwa kuwashinda Oklahoma 35-7.

Nimechota mafunzo matatu.

Kwanza, viwango vinavyojulikana na wote. Snyder aliwawekea vijana malengo 16, yakiwemo kujitolea, kutotanguliza nafsi, umoja, nidhamu, kutokata tamaa na kuwa bora kila siku. Mengi kati ya hayo mchezaji anaweza kuyatimiza leo, hata kama timu yake imefungwa jana. Sisi tunaijua istiqama: jambo dogo linalodumu. Katibu anayefungua kikao kwa wakati kila wiki anajenga kuliko anayeandaa kongamano moja kubwa kisha akatoweka.

Pili, nafasi ya asiyetazamiwa. Timu za vyuo vya Marekani hugharamia masomo ya wachezaji bora, lakini wengine hujiunga bila ufadhili huo na kulazimika kujithibitisha. Kansas State iliwathamini hawa. Mmoja wao, Jordy Nelson, baadaye alitwaa ubingwa wa Super Bowl akiwa na Green Bay Packers. Jiulize: yule wa mwaka wa kwanza anayekaa nyuma msikitini, asiyejulikana na mtu, nani amempa kazi? Asiyepewa kazi huondoka kimyakimya, nasi husema hana ari.

Tatu, subira ya kutobadili njia. Hili ndilo lililonigusa zaidi. Baada ya ushindi 7 wa mwaka 1991, mwaka 1992 walirudi kwenye ushindi 5. Hapo ndipo wengi wetu huvunja kamati, hulaumiana na kuanza upya. Wao waliendelea na mazoezi yale yale na malengo yale yale, na mwaka 1993 wakashinda mara 9. Kama wangehukumiwa kwa matokeo ya mwaka mmoja, miaka iliyofuata isingekuwepo.

Sisemi kwamba kila anayevumilia atatwaa kombe. Nasema kwamba desturi njema hutangulia, na matokeo hufuata kwa wakati wake. Uongozi wetu hudumu mwaka mmoja tu, hivyo huenda tukapanda na wenzetu wakavuna. Tuukubali upandaji huo.

Maswali ya kujadili katika halaka:
1. Ni viwango gani vitano ambavyo kila mwanachama wetu anaweza kuvitaja bila kusoma?
2. Nani hajapewa kazi muhula huu, na ipi inamfaa?
3. Ni jambo gani jema tuliloliacha kwa sababu halikuzaa matunda haraka?

Wabillahi tawfiq.