Maji na Dungusi Kakati: Somo Kutoka Barazani Kimara

Katika mitaa ya Kimara, kandokando ya Barabara ya Morogoro, ni jambo la kawaida kuona dungusi kakati, ambayo wakazi wengi wa mjini huiita kaktasi, imepandwa katika chungu au kopo la rangi na kuwekwa barazani. Aghalabu mmea huo hupendeza kwa miezi michache, kisha hunywea, hulegea na kuanguka. Mwenye nyumba hulaumu jua. Mara nyingi jua halina kosa. Mmea umekufa kwa maji, tena maji ambayo yeye mwenyewe aliutilia kila asubuhi.

Ili kuelewa jambo hili yafaa kuanza na mzizi. Mzizi hupumua, na kwa hiyo huhitaji oksijeni. Lakini oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko katika hewa. Udongo unapolowa kila siku, nafasi zilizo baina ya chembe zake hujaa maji, mzizi hukosa hewa, seli zake hufa, na kuvu huingia. Hapo ndipo watu wengi hupotoka. Mzizi uliooza hauwezi kufyonza maji. Hivyo mmea uliosimama katika matope huanza kukunjamana kana kwamba una kiu, na mwenyewe, akiona mikunjo hiyo, huongeza maji. Hapana budi kuubonyeza kwanza. Mmea wenye kiu hunywea lakini shina lake karibu na udongo hubaki gumu. Uliooza huwa laini mahali hapo, hugeuka rangi ya kahawia, na pengine hunuka.

Kwa nini basi dungusi iridhike na maji machache hivyo? Mimea mingi hufungua stomata zake mchana ili kuingiza hewa ya ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza mvuke mwingi. Dungusi hufungua zake usiku. Hewa ya ukaa inayoingia gizani huwekwa akiba katika umbo la asidi ya maliki. Kunapopambazuka stomata hufungwa, na asidi hiyo huvunjwa ili kutoa tena hewa ya ukaa kwa ajili ya usanisinuru. Kwa kila gramu moja ya hewa ya ukaa inayopatikana, mimea kama mpunga na maharage hupoteza gramu 400 hadi 500 za maji, mahindi gramu 250 hadi 300, na mimea ya tabia ya dungusi gramu 50 hadi 100 tu.

Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya, navyo huagiza mmea usitiliwe maji wakati wa baridi. Agizo hilo halimfai mkazi wa Dar es Salaam. Hapa wakati wa hatari ni masika, Machi hadi Mei, hewa inapojaa unyevu na mawingu kupunguza nuru. Katika miezi hiyo chungu kiwekwe chini ya upenu, na huenda kisihitaji maji kabisa kwa majuma kadhaa. Katika joto la Januari na Februari, chungu kidogo kinaweza kukauka kwa siku saba hadi kumi. Hata hivyo kalenda isiaminiwe kupita kijiti: kijiti kikavu kichomekwe hadi karibu na chini ya chungu, kisha kichomolewe. Kikitoka na udongo ulioganda, maji yasubiri. Kikitoka kikavu, mmea unyweshwe mpaka maji yachuruzike chini, kisha uachwe.

Maji hayo hayawezi kuchuruzika katika kopo lisilo na tundu. Kopo litobolewe, na udongo uchanganywe na mchanga wa mto na kokoto ndogo. Mchanga wa pwani una chumvi, usitumike.

Kisahani kilicho chini ya chungu kina hatari ya namna nyingine, ambayo haihusu mmea bali watu wa nyumbani. Mbu aina ya Aedes aegypti, aenezaye homa ya dengi, hupenda kuzaa katika vyombo vidogo vya namna hiyo, na yai laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo. Dar es Salaam ilipatwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Kumwaga maji pekee hakutoshi, kwa kuwa mayai hugandamana na ukingo wa chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kisahani kisuguliwe.

Mmea ambao tayari umeanza kuoza waweza kuokolewa iwapo sehemu ya juu ni nzima. Ukatwe kwa kisu safi hadi panapoonekana nyama isiyo na doa, uachwe kivulini juma moja au mawili mpaka jeraha likauke, ndipo upandwe katika mchanga mkavu.

Mwalimu anayetaka kulifanya jambo hili kuwa somo la maabara ahakikishe kwanza kwamba mmea alio nao ni dungusi kweli. Asili ya dungusi ni Amerika. Hapa kwetu ni Rhipsalis baccifera tu, isiyo na miiba, ininginiayo juu ya miti katika misitu yenye unyevu kama ile ya Usambara. Mimea mingi ya porini inayofanana na dungusi ni jamaa ya mnyaa, na utomvu wake mweupe waweza kudhuru macho vibaya. Miiba ya dungusi huchomoza katika vinundu vidogo vyenye manyoya. Jamaa ya mnyaa haina vinundu hivyo.

Mpungate unafaa sana, ila ushikwe kwa koleo. Kipande kimoja kikatwe saa kumi na mbili asubuhi na kuchunguzwa papo hapo, na cha uzito uleule saa kumi alasiri. Kila kimoja kipondwe katika kiasi kilekile cha maji, kichujwe, kitiwe matone ya finolfthalini, kisha kiongezwe myeyuko hafifu wa haidroksidi ya sodiamu mpaka rangi ya waridi ionekane na kubaki. Wanafunzi waandike ujazo uliotumika mara zote mbili. Kipande cha asubuhi kitahitaji zaidi.