SOMO LA KISWAHILI: "Bei imeanguka." Nani ameiangusha?



Leo tunasoma kitenzi kimoja tu: kuanguka. Hakuna asiyekijua. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka. Mgomba wenye mkungu mzito, usipouwekea nguzo, huanguka. Lakini shika gazeti, hasa la zamani, utaona kitenzi hiki kina kazi nyingi. Na kazi nyingine zinaweza kumponza msomaji, hasa mkulima.

Kwanza tuone ndugu zake:

Kuangua: Mama anaangua mapapai kwa kijiti.
Kuanguka: Papai limeanguka.
Kuangusha: Upepo umeangusha mgomba.
Kuangushwa: Mgomba umeangushwa na upepo.

Umeona tofauti? Ukisema "umeanguka", umetaja jambo tu. Ukisema "umeangushwa", unakubali kwamba yupo mtu au kipo kitu kilichofanya hivyo. Basi tuchukue habari nne zilizougusa mkoa wetu wa Kagera.

1. Nyumba
Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la ardhi lilipiga Bukoba na wilaya jirani. Watu zaidi ya 15 walikufa na nyumba nyingi zilianguka. Hapa neno limetumika kwa maana yake ya kawaida. Kilichoziangusha kinajulikana na hakuna aliyefichwa.

2. Ndege
Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walikufa. Hapa pia "imeanguka" lilikuwa neno la haki. Siku ya kwanza uchunguzi ulikuwa haujafanyika. Mwandishi ambaye angeandika "imeangushwa" angekuwa amemtia mtu hatiani kabla ya kujua sababu.

3. Daraja na mji
Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu kaskazini ya mto Kagera. Mwezi Novemba mwaka huo yalilibomoa daraja la Kyaka. Mtu akiandika kwamba daraja "lilianguka", msomaji atadhani lilikuwa bovu. La! Liliangushwa, na aliyeliangusha anajulikana.

Majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Habari za vita husema mji "umeanguka". Maana yake si kwamba majumba yamelala chini. Maana yake ni kwamba waliokuwa wakiutawala wameshindwa. Lakini angalia: jambo hilo hilo mwingine atasema mji "umetekwa", na mwingine atasema "umekombolewa". Kitenzi kinakuonyesha msemaji yuko upande gani.

4. Bei ya kahawa
Hapa ndipo penye mzigo wetu. Mwezi Julai 1989 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilishindwa kupatana mjini London. Mpango wa kuipangia kila nchi kiasi cha kuuza nje ukasimamishwa. Kahawa ikamiminika sokoni, na katika miezi michache bei ya dunia ikapungua karibu nusu. Habari ya namna hiyo huandikwa kwa maneno mawili tu: "Bei imeanguka."

Jamani, bei si papai. Haiivi ikadondoka yenyewe. Mwaka ule bei iliangushwa na watu waliokutana kisha wasikubaliane. Mkulima wa Muleba hakuwamo katika mkutano ule, lakini hasara ilimfikia shambani.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa leo "bei imeanguka", usiinamishe kichwa tu. Uliza maswali manne:

Imeanguka wapi? Sokoni ng'ambo, mnadani au mdomoni mwa mnunuzi?
Imeanguka lini?
Imetoka shilingi ngapi hadi ngapi kwa kilo?
Nani au nini kimeiangusha?

Mlanguzi wa butura, anayetaka kahawa yako ingali mbichi mtini, hupenda sana neno hili. Atakuambia, "Mzee, bei imeanguka, chukua hiki kidogo." Asipoweza kujibu maswali manne, funga mfuko wako. Nenda kwanza kwenye chama chako cha msingi ukaulize.

Jambo la mwisho ni -me-. "Imeanguka" maana yake ni kwamba hali hiyo ingali ipo siku ya kuandikwa. Ukiokota gazeti la zamani lililofungia chumvi, soma tarehe kwanza. Bei iliyoanguka mwaka ule huenda ilishapanda na kushuka mara kumi.

ZOEZI
Andika katika daftari lako:
1. Sahihisha: "Daraja la Kyaka lilianguka mwaka 1978."
2. Mgombea ambaye hakupata kura za kutosha "ameanguka" au "ameangushwa"? Toa sababu.
3. Tafuta "kuanguka" mara tatu gazetini. Kila mara jaribu kuweka "kuangushwa na..." Ukishindwa kumtaja mtendaji, muulize mwenzako. Huenda yupo.